Shukrani kwa unayetuachia mapera mlangoni

Jirani, sijui nikuite dada, mama au babu, maana hujajitokeza. Asante sana kwa mapera.

Mimba hii imekuja na ugwadu wa ajabu. Wali umenishinda, samaki sitaki hata harufu yake, lakini pera ambalo halijaiva sawasawa, lile gumu lenye nyama nyekundu, nalitafuna kwa chumvi na pilipili mpaka meno yanamfa ganzi mume wangu anayetazama tu. Hapa Muheza machungwa tumejaaliwa, ila mpera wetu wa uani ulikuwa umeshamaliza kuzaa. Ndipo asubuhi moja nikakuta kikapu cha ukili mlangoni, mapera yamefunikwa jani la mgomba, mengine bado yana vikonyo. Kikaja kingine. Na kingine.

Mama mkwe alipiga marufuku: mjamzito hali cha mtu asiyemjua! (Sasa ndiye anayewahi mlangoni kabla yangu.)

Kliniki waliniambia damu iko chini, nimeze vidonge vya madini ya chuma, nisivishushie kwa chai, na nile matunda yenye vitamini C ili madini yafyonzwe vizuri. Pera lina vitamini hiyo kuliko hata chungwa. Kipimo cha juzi damu imepanda, nesi mwenyewe kafurahi.

Vikapu vyako nimevifuta, viko barazani. Ukija kuvichukua piga hodi, bwana, usinyatie. Mihogo ya nazi ipo.