Kwa mdogo wangu wa Mbagala, anayetaka kuhamia Njombe

Mdogo wangu,

Salamu kwako, kwa wifi na kwa watoto. Huku hatujambo, baridi tu ndiyo imeanza.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema Dar imekushinda, kodi ya fremu yako ya kushonea imepanda tena, na nikikuambia njoo utafunga mizigo mwezi huu huu. Nakujibu hapa hadharani, jina lako nimelihifadhi, kwa sababu vijana wengi wananiuliza swali hilo hilo na jibu langu kwao ni hili hili.

Kwanza ujue kwamba natamani sana uje. Tangu shemeji yako ahamishiwe huku kufundisha, sina ndugu wa damu hata mmoja karibu, na wanangu wanamjua mjomba wao kwa simu. Kwa hiyo nikikuambia usikurupuke, fahamu kwamba nasema kinyume na moyo wangu.

Uchovu wako naujua. Kuamka usiku kugombania gari la Kariakoo kufuata vitambaa, foleni ya barabara ya Kilwa, joto, dalali anayetaka kodi ya miezi sita mkononi. Lakini katika ujumbe mrefu namna ile, hukueleza popote ukifika huku utamshonea nani.

Kwa sensa ya 2022, Temeke peke yake ina watu 1,346,674. Mkoa mzima wa Njombe, ukijumlisha Makambako, Ludewa, Makete na Wanging'ombe, una watu 889,946. Wilaya yako moja inauzidi mkoa wetu wote, na wengi wa huku wako mashambani, hawapiti mbele ya fremu yako kila siku. Wewe hapo Rangi Tatu unaishi kwa wapita njia: mtu anashuka kwenye daladala, anaona gauni limetundikwa, anauliza bei. Mwisho wa wiki haukosi harusi au kichenpati yenye sare. Huku harusi zipo, tena kubwa, ila zinafuata mavuno.

Hilo la mavuno ndilo nataka ulielewe kuliko yote. Pesa ya Njombe ina msimu. Mahindi, viazi, chai, mbao, na siku hizi parachichi, ndivyo vinavyomtia mtu noti mfukoni. Mvua zetu zinaanza Novemba na kwenda mpaka Aprili hivi, si vuli na masika kama huko Pwani. Ndani ya miezi hiyo mkulima ameshamaliza pesa kwenye mbegu na mbolea, Januari imempokea na mahitaji ya shule, na mahindi bado mabichi. Ikifika Februari mzunguko unakata kabisa.

Kuna mama mmoja sokoni ndiye anayenishonea. Februari iliyopita nilikaa kwenye benchi lake nikingoja mvua ipungue. Juu ya cherehani, ukutani, zilining'inia nguo zilizokwisha kushonwa, zimefunikwa nailoni zisipigwe vumbi, kila moja ina kikaratasi cha jina kilichobanwa kwa pini. Wenyewe walileta kitambaa na kutanguliza kidogo, kilichobaki ni "nikivuna nakuja, mama." Na wanakuja kweli, sijamsikia akilalamika kwamba amedhulumiwa. Lakini kodi ya kibanda haingoji viazi viive, wala uzi na bitana hakopeshwi. Yeye anapita kwenye miezi hiyo kwa sababu ana shamba na mumewe anapasua mbao. Wewe shamba huna. Ukoo wetu wote hauna hata hatua kumi za ardhi huku.

Wengi wanaotaka kuhama wanapiga hesabu ya matumizi tu, na upande huo hawakosei. Kodi ya chumba na sebule ya huko, huku unapata nyumba yenye ua na banda la kuku. Viazi, maharage na mboga wifi atashangaa bei. Ila nazi mpaka isafirishwe, samaki wa Feri msahau, na kuanzia Juni hadi Agosti utanunua mkaa wa kuota moto mbali na ule wa kupikia. Usiku nyuzi joto zinashuka chini ya 10. (Na jiko la mkaa usije ukalala nalo ndani hata siku moja, hewa yake inaua.) Blanketi nzito, sweta, soksi, viatu vya kufunika kwa watoto wote: mtu aliyekulia Pwani hivyo havimo kwenye bajeti yake.

Lakini baridi hiyo hiyo ndiyo ninayoiona kama riziki yako. Usifikirie kushona makoti mapya, mtumba utakumaliza kwa bei. Angalia wanaovaa huo mtumba. Koti limempwaya, mikono imefunika vidole, zipu imekufa, bitana imechanika kwapani, na bado analivaa kwa sababu hana la kufanya na baridi inauma. Wewe nimekuona kwa macho yangu ukibadilisha zipu mteja amesimama hapo hapo anasubiri. Kazi ya kupunguza koti au kutia zipu ni pesa ndogo, mtu anailipa mkononi na kuondoka na koti lake, haingoji mavuno. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo pa kuanzia, magauni yaje baadaye, na sare za shule ukishajulikana.

Kwa hiyo usihame. Njoo kwanza ujaribu, na uje kwenye mwezi mbaya. Usije Desemba, maana Desemba watu wamerudi kutoka mijini na pesa zao, mji umechangamka, ukiuona utaupenda bure. Njoo mwishoni mwa Januari ukae mpaka Machi. Najua unaiona mbali, lakini vumilia. Panda basi alfajiri pale stendi ya Magufuli, Mbezi. Utapita Mikumi, utapanda Kitonga, Iringa, Mafinga, Makambako, jioni uko kwangu. Lete cherehani moja na boksi la zipu. Chumba cha nyuma ni chako, kodi hulipi. Fremu ya Mbagala usiiachie, muweke yule kijana wako aishike. Jifunze kuitika "kamwene", salamu ya huku, vizuri, Wabena wenyeji watakupokea. Kila jioni andika kwenye daftari kilichoingia. Kama Februari yote umejilisha bila kuniomba, na kuna kilichobaki cha kutuma nyumbani, nitakutafutia fremu mimi mwenyewe. Kama hukuweza, utarudi na cherehani yako na wateja wako bado wanakusubiri.

Na wifi amesemaje? Hukumtaja. Maandazi yake yana wateja aliowajenga kwa miaka, na mteja wa maandazi humbebi kwenye basi. Mkubwa wenu naye amebakiza kidogo kumaliza shule ya msingi, sitaki umhamishe katikati. Wao wakae kwanza, hata ukishaona kazi ipo.

Halafu kuna mama. Ni wewe unayempeleka kliniki ya presha, ni wewe unayejua kipi anameza asubuhi na kipi usiku. Kaka yuko Mtwara, mimi niko karibu kilomita 700 kutoka kwake. Kumleta huku na kifua chake kile, siafiki. Pengine sehemu kubwa ya uchovu unaouita uchovu wa Dar unatoka hapa, kwamba mzigo huu umeubeba peke yako na hakuna aliyekuuliza kama unaelemewa. Kama ndivyo, sema. Hilo lina dawa yake, na dawa hiyo haihitaji kuhama mkoa.

Nimeshaongea na kaka. Jumapili saa mbili usiku tunapiga simu ya pamoja, sisi watatu na wifi, na mama awepo aseme mwenyewe anataka kukaa na nani. Kabla ya hapo usimwambie mwenye fremu neno lolote.

Dada yako,
Njombe