Tangi la Hewa Si Betri: Kwa Nini Tulimkatalia Mteja

Mteja mmoja ametoka karakana kwetu amekasirika. Paneli zake za sola ziko juu ya paa tayari, akataka tumuuzie kompresa na tangi la lita 300: mchana ajaze hewa, usiku hewa izungushe jenereta ndogo, awashe taa na friji. Tulipokataa akadhani tunamsukumia betri. Betri hatuuzi kabisa. Si wa kwanza kulalamika hivyo, basi hesabu tunaiweka wazi.

Tangi la lita 300 kwenye presha ya baa 10 halibebi hata sehemu ya tano ya uniti moja ya umeme. Betri moja ya volti 12, ya ampea-saa 100, inabeba zaidi ya uniti nzima. Na hicho kidogo cha tangini hakitoki chote. Hewa ikigandamizwa hupata moto. Sogeza kiganja karibu na bomba la kutokea kompresa utauhisi. Ule moto ni umeme wako unaopotea.

"Mbona Ujerumani wanafanya?" Ndiyo, mtambo wa Huntorf, Ujerumani, wa kuhifadhi umeme kwa hewa iliyogandamizwa unafanya kazi tangu 1978, na wa McIntosh, Alabama, Marekani, tangu 1991. Lakini uliza hewa wanaiweka wapi. Ni kwenye mapango yaliyoyeyushwa kwa maji ndani ya miamba ya chumvi, mamia ya mita chini ya ardhi. Mawili ya Huntorf yana jumla ya takriban meta za ujazo 310,000. Pango la chumvi ukilitaka kubwa zaidi, unaendelea kuyeyusha. Tangi la chuma ukitaka hewa maradufu, unalipia chuma maradufu. Na hata huko hewa ikitoka hupashwa moto kwa kuchoma gesi. Hesabu yao inakubali kwa sababu wana chumvi, wana umeme wa ziada wa bei ya chini saa fulani, na wanauza mwingi kwa saa nyingi.

Kwa mtu mwenye karakana, hewa inalipa pale inapotumika ikiwa hewa: kupaka rangi, kujaza matairi, kuendesha bunduki za kufungulia nati. Fundi mmoja wa rangi tulimfungia tangi la pili. Sasa kompresa yake inakula sola mchana, na kazi za jioni anazimaliza kwa akiba. Kabla ya hapo tulimzibia mivujo. Tundu la milimita 3 tu kwenye baa 7 linamaliza zaidi ya kilowati 3 muda wote kompresa inapowaka.

Mwingine aliona bei yetu kubwa, akanunua tangi la chuma chakavu, akachomelea kiraka, akatuletea tufunge vali tu. Tulifungua koki ya chini, yakatoka maji ya rangi ya chai. Tukalijaza maji pomoni, tukapandisha presha kwa pampu ya mkono. Tunapima kwa maji kwa sababu tangi likipasuka likiwa na maji linavuja, likiwa na hewa linalipuka. Kabla geji haijafika presha ya kazi, ukingo wa kiraka ulianza kutoa jasho, tone kwa tone. Akalazimika kununua jipya, na la kwanza pesa yake imekwenda.

Kipimo hicho ndicho wengi wanachoomba tukiondoe kwenye ankara. Hatukiondoi. Mwenye tangi lililotumika alilete likiwa tupu, koki ya chini wazi, tulipime kabla hajalilipia alikolikuta.