Kwa mdogo wangu anayekwenda kusomea ndege za majini

Mdogo wangu,

Hongera kwa kupata nafasi ya kwenda Kanada. Mama ameshatangaza kanisani, Kyela nzima inajua. Lakini kuna jambo linaninyima usingizi, na naliandika hadharani kwa kuwa vijana wengi wa huku Mbeya wanatamani urubani.

Sisi wa Matema tumekua tukiogopa Ziwa Nyasa likichafuka. Likitulia asubuhi, mitumbwi inaingia bila wasiwasi. Kwa rubani wa ndege ya maboya, ile inayotua na kuelea majini, ni kinyume. Maji yakilala kama kioo, jicho halina pa kushika: unaiona Milima ya Livingstone kichwa chini miguu juu, hujui umebakiza mita 2 au 20. Ukikisia, ama utayapiga maji kwa pua, ama utainua pua mapema mno, mwendo uishe, ndege idondoke. Kwa hiyo shuka karibu na ufukwe upate kupima kimo kwa miti, pua imeinuka kidogo, injini ikivuta, futi 150 hivi kwa dakika, mpaka maboya yaguse yenyewe. Utatumia eneo refu la maji kabla ya kugusa. Litumie tu.

Halafu magurudumu. Maboya mengine yanayo, ili ndege itue na nchi kavu. Ukitua majini yakiwa chini, yanakamata maji na ndege inabiruka papo hapo. Mafunzoni mko wawili, na hapo ndipo ninapoogopa zaidi: mwanafunzi anadhani mwalimu ameangalia, mwalimu anamngoja mwanafunzi. Tamka kwa sauti kila mara, hata mbele ya mkufunzi mwenye mvi: "Natua majini, magurudumu yako juu."

Ndege ikipinduka, wengi hawauawi na kishindo, wanazama kwa kushindwa kutoka. Shika kwanza ukingo wa mlango, usiuachie, ndipo ufungue mkanda. Ukitangulia kuufungua utaelea gizani bila kujua mlango uko wapi. Jaketi la kuokolea usilijaze upepo ukiwa ndani. Litakubana kwenye sakafu, ambayo sasa iko juu yako.

Mama hajaisahau Bukoba, 6 Novemba 2022, ndege ilipoanguka Ziwa Victoria wakafa watu 19. Ile ilikuwa ndege ya kawaida ya abiria, ila kwake maji ni maji.

Zipo shule zinazomfunga mwanafunzi kitini na kumpindua ndani ya bwawa la kuogelea mpaka azoee kutoka. Uliza kabla hujalipa ada. Ya kwenu kama haina, nitafutie bei ya kwingine, nitauza kokoa ya msimu huu.

Kaka yako