Kikao cha Iron Maiden (bendi ya metali) Jumamosi: mahali pamebadilika

Hamjambo wanametali! Jumamosi hatuendi tena Milimani. Tukutane mtaa wa London, wa hapa Nakuru na si ule wa Uingereza wa Steve Harris, mpiga besi wa Maiden, saa nane mchana.

1. Mchango ni shilingi 300, mwisho Alhamisi saa mbili usiku. Ni za kukodi amplifaya.

2. Tutasikiliza albamu yao Powerslave ya 1984 nzima. Wimbo wa mwisho unapita dakika 13, kwa hivyo chai inywewe mapema.

3. Wenye santuri, zipanguseni kwa kitambaa kikavu mkifuata mifereji, msiikate. Gramafoni isikae meza moja na spika: besi huitikisa sindano, ikaruka.

Anayekuja aandike "Nipo" leo. Nani ana waya wa spika, mita 10 hivi?