Barua kwa mwanangu anayedhani Kusini kumelala

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo, hofu ni kwako uliye mbali nasi. Baba yako goti limepunguza kuuma, mdogo wako kaingia kidato cha tatu na siku hizi akitumwa dukani hasikii. Mvua si haba, mihogo imesimama. Salamu zimetosha, nije kwenye swali lako.

Umeniandikia kwamba ukimaliza chuo unataka kurudi Mtwara kufanya harakati, kisha ukaongeza: "Tatizo mama, huko hakuna matukio ya wanaharakati, Kusini kumelala." Hapo nilivua miwani. Najua umelitoa wapi. Huko Dar Jumatano ikifika unakwenda zako Mabibo, TGNP, ule Mtandao wa Jinsia, kwenye semina za jinsia na maendeleo. Wiki nyingine kuna mdahalo, nyingine kongamano, Machi 8 ngoma na fulana. Ukigeuka kututazama sisi huoni bango, unasema watu wamelala.

Pamba ya Mjerumani ilianza kung'olewa Nandete, Umatumbini, wilaya ya Kilwa, Julai 1905, na vita vya Majimaji vikaenea kutokea hapo. Wapiganaji wa FRELIMO, waliopigania uhuru wa Msumbiji, walifundishwa Nachingwea, na wazee waliowauzia mihogo wapo mpaka leo. Hayo ya zamani nayapita. Lakini Desemba 27, 2012 wewe ulikuwa mdogo tu, na maelfu ya watu walitembea kwa miguu mpaka viwanja vya Mashujaa, hapa hapa mjini, kupinga gesi ya Mnazi Bay isipelekwe Dar es Salaam kwa bomba. Walitembea, wakasikiliza hotuba, wakarudi makwao. Mei 22 ya mwaka uliofuata, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ikisomwa bungeni, mji ukawaka. Watu walikufa, nyumba zikachomwa, wanajeshi wakaingia mitaani. Bomba likajengwa hivyo hivyo, likazinduliwa Oktoba 2015. Mpaka leo wageni wanaokuja na madaftari yao kututafiti wanauliza habari za Mei tu. Desemba hawaiulizi, na mimi naona Desemba ndiyo yenye la kujifunza.

Sasa matukio unayoyatafuta. Yapo, tena yana tarehe, yana ajenda, na mengine sheria inayalazimisha yafanyike. Huyaoni kwa sababu hakuna anayeyaita ya wanaharakati. Yanaitwa mkutano mkuu wa kijiji, mkutano mkuu wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, mnada wa korosho, baraza la madiwani.

Nianze na mnada. Oktoba 2018 wakulima wa huku waliambiwa bei, wakasema hapana. Walikuwa wamekaa chini ya mikorosho, korosho zao ziko ghalani, madeni ya salfa, dawa ya mikorosho, yanawasubiri, ada za shule zinawasubiri, na bado wakagoma kuuza. Hapakuwa na bango wala kipaza sauti cha mfadhili. Mgomo ule ulifika Ikulu. Novemba serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kubeba mzigo. Kilichofuata unakikumbuka, malipo yalichelewa kwa wengi na kuna nyumba Krismasi na Idi zilipita bila nguo mpya. Lakini niambie, huko kwenye makongamano yenu ni lini mmekaa mkasema hapana moja na nchi nzima ikasikia?

Siku hizi mnada unaendeshwa kwa mfumo wa Soko la Bidhaa, bei inaonekana kwenye skrini, na msimu wa 2024 ulipofunguliwa ilipita 4,000 kwa kilo. Watu walishangilia. Mimi nilikuwa natazama makato. Mkulima anasikia bei ya mnadani, akienda kupokea fedha anakuta imepunguzwa: ushuru wa halmashauri, wa chama kikuu, wa chama cha msingi, gharama za ghala, usafirishaji. Mengine ni halali na yanaeleweka. Mengine ukiuliza unaambiwa "ni utaratibu". Mahali pa kuuliza ni mkutano mkuu wa AMCOS, ambapo makisio ya mapato na matumizi yanapitishwa kwa kunyoosha mikono, na mikono hiyo hunyooshwa haraka haraka watu wakiwaza wali uliopo jikoni. Huna mkorosho, kwa hiyo huna kura. Mimi ninayo. Ukija, tukae jioni moja na wanachama kumi na yale makisio, kalamu mkononi, kabla ya mkutano. Hilo kwangu ni tukio kubwa kuliko kongamano.

Najua utasema nawachukia wenye semina. Siwachukii. Mimi mwenyewe nilifundishwa usaidizi wa kisheria kwenye semina, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ndiyo iliyotupa sisi wasio mawakili mahali pa kusimama. Kinachonikera ni semina inayokula nafasi ya mkutano. Mgeni anashuka kwa ndege asubuhi, ukumbi wa hoteli umefungwa kiyoyozi, washiriki ni wale wale unaowaona kila mwaka, wanajadili "ushiriki wa wananchi" hadi saa nane, wanasaini karatasi ya nauli, wanaondoka. Siku hiyo hiyo kijijini mkutano umeahirishwa kwa kukosa akidi, maana wenye kujua kusema wako hotelini. Na kijana akishazoea posho, mwite kwenye mkutano wa kijiji ambao hata maji hayatolewi, uone kama atakuja.

Nikupe mfano wa kijiji cha jirani, sikitaji jina, nawe usilibashiri mbele za watu. Sheria ya serikali za mitaa inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae walau kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 ni mjumbe kwa haki yake, hahitaji kualikwa. Pale ilikuwa imepita karibu mwaka. Wanawake wa kikundi cha hisa wakaandika barua kwa mtendaji kuomba mkutano, nakala kwa mtendaji wa kata. Barua ya heshima, mistari sita. Nakala yao wakaigongesha muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ndio ulioita mkutano, mwanangu, maana barua isiyo na muhuri inaweza "kutoonekana", yenye muhuri haipotei.

Mkutano uliandikwa saa nne asubuhi, ukaanza saa saba. Wanaume kwenye mabenchi ya shule, wanawake chini kwenye kanga, upande wa kuliani kwa mwenyekiti ambako hageuki kutazama. Mtendaji akasoma mapato na matumizi kwa kasi ya muadhini aliyechelewa, na alipofika kwenye ushuru wa mchanga akasema "mapato mengineyo" na kiasi kidogo sana, akapita. Akanyanyuka bibi mmoja mwenye daftari la shule lenye jalada la bluu. Daftari si lake, ni la mjukuu wake. Nyumba yao iko njiani kwenye machimbo, na yule mtoto kila alipotoka shule aliandika lori lililopita: tarehe, namba za gari, limejaa au tupu. Bibi hajui kusoma. Akampa mjukuu asome. Mtoto akasimama na sare yake, akasoma namba moja moja, taratibu, ukurasa hadi ukurasa. Hakuna aliyepiga makofi wala kuzomea. Alipofika ukurasa wa tatu mwenyekiti akasema inatosha, wale wa mabenchini wakajibu kwa pamoja, "Aendelee."

Mkutano ukachagua watu watatu wakakague vitabu vya stakabadhi. Fedha hazikurudi zote, nisikudanganye. Zilizorudi zimeezeka choo cha wasichana shuleni. Na mtendaji alihamishwa, ambalo ni jambo linalowafurahisha watu na kuwahamishia wengine tatizo.

Ardhi nayo iko kwenye mkutano huo huo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila mkutano mkuu kuridhia. Ukisikia mtu kapewa eka nyingi kule pwani, swali la kwanza ni: muhtasari wa mkutano uko wapi, na waliosaini ni akina nani? Nimeuona muhtasari wenye saini ya marehemu. Na kuhusu gesi, ambayo najua ndiyo inayowasha damu yenu vijana, kampuni zinazoichimba hulipa halmashauri ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Unajadiliwa baraza la madiwani, kikao cha wazi, mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Viti vya nyuma huwa vitupu. Nilikaa pale na mwandishi mmoja wa redio aliyekuwa anasinzia.

Ukitaka kuandaa cha kwako, sikiliza namna ya huku. Usiweke kitu Januari na Februari, watu wako kwenye palizi. Ijumaa mchana usithubutu. Likizo za shule za Juni na Desemba kuna unyago na jando, kila kijiji kina ngoma yake na hutashindana na ngoma. Wanawake wape saa tisa alasiri, wakishatoka shamba na kupika. Ukiwatoa Msangamkuu, hesabu na kivuko cha kurudi. Usilete fulana zenye maandishi, zinagawa watu kabla hujasema neno, huyu kapata huyu kakosa, na mwenye kukosa atasema umetumwa na chama. Ongea na redio za huku. Wazee wanaosikiliza wakiwa shambani ni wengi kuliko wote utakaowafikia kwa simu yako. Na usisimame wewe. Mtoto wa mwalimu aliyetoka Dar akisimama kusema, watu wanakaa kusikiliza hotuba. Mtafute yule bibi.

Kuhusu vibali, jua tofauti. Mkutano wa hadhara au maandamano, sheria ya polisi inataka umjulishe kwa maandishi mkuu wa polisi wa eneo, si chini ya saa 48 kabla. Ni taarifa unayotoa, ila wanaweza kuzuia, na wakizuia omba sababu kwa maandishi. Ilikatazwa mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa tangu 2016, ikaruhusiwa Januari 3, 2023, na katikati hapo watu wengi walisahau kwamba Ibara ya 20 ya Katiba haikuwahi kufutwa. Mkutano mkuu wa kijiji haumo katika hayo, hauombewi kibali polisi. Ndiyo maana naupenda.

Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, sina haja ya kukusimulia. Uliyaona kwa macho kuliko mimi. Intaneti ilipokatwa na Dar ikawekewa amri ya kutotoka usiku, mama yako alikaa ukutani na tasbihi, na baba yako, asiyejua kuomba dua ndefu, aliomba. Sikuandiki nikuzuie. Nikikuzuia utakwenda bila kuniaga, nakujua. Ninachotaka ni kwamba usiende peke yako, mtu mmoja awe anajua ulipo kila saa, na usiandike mtandaoni kitu ambacho hukukiona mwenyewe, kwa sababu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina meno na taarifa ya uongo inawaumiza hata walio na haki. Na ukiona umati umeanza kubeba mawe, toka. Kwa hilo sina mjadala.

Kijiji chetu mkutano mkuu umebandikwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tangazo liko mlangoni kwa mtendaji na jingine kwenye mashine ya kusaga. Ajenda ya tatu ni mapato na matumizi, ya nne ni kisima ambacho kimechangiwa mara mbili na hakina pampu. Nimeshawaomba risiti zao akina mama wote waliochanga, ziko kwenye bahasha kabatini. Zinahitaji mtu wa kuzipanga kwa tarehe na kujumlisha, macho yangu hayawezi tena maandishi ya penseli. Ukipanda basi la Alhamisi unafika stendi ya Mkanaledi jioni, mjomba wako atakuwepo na bodaboda yake. Njoo na kikokotoo na kalamu nyekundu. Sherehe za kuhitimu tutafanya wiki inayofuata, ming'oko, vile viazi pori vyetu, nimeshaagiza.

Mama yako