Kabla Hujanunua Televisheni

Ngamiani,
Tanga.
14 Machi

Swahiba yangu Athumani,

Nakusalimu kwa wingi, na natumaini nyote huko Pangani ni wazima kama sisi tulivyo, alhamdulillahi. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba ile televisheni ya chogo hatimaye inapumzishwa. Umeuliza utazame nini utakapokuja mjini kununua nyingine. Umemuuliza aliyeumwa na nyoka, maana siku hizi nikiona ung'ongo tu hushtuka.

Mwaka jana nilinunua moja katika duka ambalo sitalitaja, kwa sababu sandukuni iliandikwa 4K kwa herufi kubwa. Jioni shemeji yako alipofungua tamthilia yake, maandishi ya tafsiri chini ya kioo yalikuwa na kingo za ngazi ngazi kama ukili uliosukwa vibaya. Nilipokisoma kijitabu hadi ukurasa wa mwisho, nikakuta kioo chenyewe ni 1366 kwa 768, yaani pikseli, vile vitone vinavyounda picha, zipatazo milioni moja, ilhali 4K halisi ni 3840 kwa 2160, pikseli zaidi ya milioni nane. Nilipolirudia sanduku, kando ya ile 4K palikuwa na neno dogo: televisheni *inapokea* picha za 4K. Kupokea inapokea kweli, lakini inazipunguza kabla ya kukuonyesha. Kwa hiyo mwulize muuzaji pikseli za kioo, si picha kinazopokea, na akuonyeshe zilipoandikwa.

Hata hivyo, usiikimbilie 4K kabla hujapima sebule. Inchi hupimwa kutoka pembe hadi pembe ya kioo, hivyo inchi 43 ni kama sentimita 109. Na mtu akikaa mita tatu mbele ya kioo cha ukubwa huo, macho ya kawaida hayaoni tofauti ya 4K na Full HD, yaani kioo cha 1920 kwa 1080. Faida huonekana ukisogea karibu au ukichukua kioo kikubwa zaidi.

Kuhusu majina, LED na QLED ni ndugu: zote zina taa nyuma ya kioo, ila QLED huongezewa utando wa chembe ndogo mno zinazokoza rangi. OLED ni ukoo mwingine kabisa, kwani kila pikseli hujiwakia yenyewe na hujizima yenyewe, na ndiyo maana usiku wa kwenye filamu huwa mweusi tititi, wala si kijivu. Ni nzuri mno, na bei yake inajua hivyo. Lakini sebule yako ina lile dirisha la magharibi ambalo Bi Mkubwa hataki lifungwe pazia, na katika mwanga wa namna ile LED yenye taa kali itakufaa zaidi.

Dukani usivutiwe na video zao za maua na kasuku, kwa kuwa zimetengenezwa ili kila kioo kipendeze. Njoo na flashi yenye mechi ya mpira, uombe wakuwekee, kisha utazame mpira unapopigwa mbali: mpira ukiacha mkia nyuma yake, kioo ni kizito kubadilisha picha. Hakikisha pia ina DVB-T2, mfumo wa matangazo ya kidijitali tunaoutumia nchini. Za mitumba kutoka Japani uziogope, kwani nyingi ni za volti 100, na umeme wetu wa 230 utaiunguza siku hiyo hiyo utakayoichomeka.

Niarifu siku utakayokuja ili nikupokee stendi. Kabla ya hapo, pima kutoka kiti cha Bi Mkubwa hadi ukutani, uniandikie ni mita ngapi.

Wasalaam,
Mbwana