Mechi ya Pawtucket haikuisha usiku ule

Mhariri,

Wengi hudhani mechi ndefu ya besiboli kati ya Pawtucket Red Sox na Rochester Red Wings, katika mji mdogo wa Pawtucket, Rhode Island, Marekani, iliisha usiku mmoja. Sivyo.

Ilianza Aprili 18, 1981, katika Uwanja wa McCoy. Besiboli ya Marekani kwa kawaida haina sare: awamu 9 zikiisha pointi zikilingana, huongezwa nyingine hadi apatikane mshindi. Ligi ilikataza awamu mpya kuanza baada ya saa 6:50 usiku, lakini kifungu hicho hakikuwamo katika nakala ya kanuni waliyokuwa nayo waamuzi, wakaendelea. Rais wa ligi alipopatikana kwa simu ndipo mchezo ukasitishwa, saa 10:07 alfajiri, awamu 32 zikiwa zimechezwa. Kati ya watazamaji 1,740 walibaki 19, na hao ndio wanaostahili heshima! Juni 23 awamu ya 33 ilichukua dakika 18 tu; Pawtucket ikashinda 3–2.

Klabu hiyo ya Pawtucket, mfanyabiashara Ben Mondor aliinunua mwaka 1977 ikiwa imefilisika. Tangu 2021 inacheza Worcester, Massachusetts, na Pawtucket imebaki bila timu yake. Inauma.

Mpenzi wa besiboli